Pua ilipindia kulia, usaha ulikuwa kushoto

Mwaka 2021 niligombana na dalali wangu wa soko la Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, kwa ajili ya magunia 12 ya dagaa. Mzigo ulikuwa umeingia alfajiri kutoka kisiwa cha Goziba, dagaa wa chanja, weupe, wakavu kiasi kwamba ukimkunja mmoja anakatika kama njiti ya kiberiti. Dalali akafungua gunia mbele yangu. Nikainama, nikanusa, nikamwambia hawa wameoza. Akanusa yeye. Akamwita mpagazi, naye akanusa. Kulikuwa na mteja wa Kongo anapita, akaitwa, akachota kiganja kizima, akanusa, akatafuna wawili na kuondoka anacheka.

"Mayu," dalali akaniambia taratibu, kwa lile neno la Kisukuma la mama, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "dagaa hawa hawana kosa. Labda pua yako."

Nikanuna, nikaenda zangu. Kabla ya saa nne yule Mkongo alikuwa amechukua magunia yote 12.

Ilikuwa pua yangu kweli, au niseme jirani wa pua yangu. Lakini kulijua hilo kulinichukua zaidi ya miaka miwili na shilingi 2,460,000, bila kuhesabu mizigo mizuri niliyoikataa. Nayaandika haya kwa sababu kila nikirudi kliniki nakutana na mtu benchini ameshika bahasha kubwa ya picha, ananiuliza: "Na wewe wamekuambia mfupa umepinda?" Ndiyo, na mimi waliniambia.

Ilianza mwaka 2020 kama mafua tu. Pua ya kushoto inaziba, shavu la kushoto zito, ukiinama kufunga gunia unasikia kitu kinavuta chini ya jicho. Makamasi mazito yanashuka kooni usiku. Na harufu. Hiyo harufu ndiyo iliyonivuruga, maana haikuwa ya kudumu: inakuja asubuhi, inapotea, inarudi nikilalia upande. Harufu ya kitu kilichovunda. Mtu anayeuza vitambaa Makoroboi angejua mara moja kwamba inatoka ndani yake. Mimi nashinda kwenye dagaa, kila siku nilikuwa na cha kusingizia.

Nyumbani kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa. Mume wangu alisema ni vumbi. Jirani akasema kipanda uso. Mama mkwe, ambaye ananusa ugoro tangu sijaolewa, alinipa ugoro wake, nikapiga chafya hadi nikatoka damu. Bibi mmoja wa mtaani akanichungulia mdomoni akasema nina kimeo, kikatwe. Namshukuru Mungu hapo niligoma. Kujifukiza majani ya mkaratusi nilikubali, na sitasema uongo, kulinipa nafuu ya saa moja au mbili. Moshi wa nafuu. Kesho yake shavu liko palepale.

Halafu maduka ya dawa. Nilikuwa na kopo la maziwa ninalowekea risiti, na siku nilipolimwaga mezani nilihesabu dozi 9 za antibayotiki ndani ya miaka miwili. Amoksilini, kisha ile ya vidonge vitatu, kisha nyingine iliyoniharisha safari nzima ya kivuko kwenda Nansio. Mtindo ulikuwa uleule: siku ya tatu napata ahueni, harufu inapungua, naacha dozi njiani, wiki ya tatu mambo yanarudi. Nilichukulia ile ahueni kama ushahidi kwamba dawa ni sahihi ila ni dhaifu, nikawa natafuta iliyo kali zaidi. Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba dawa ilikuwa inapunguza moto wakati kuni ziko palepale.

Kosa jingine, na hili naomba mlisikie vizuri: matone ya kuzibua pua. Vile vichupa vidogo vinavyofungua pua ndani ya dakika tano. Nilivitumia kwa miezi mitano mfululizo. Hakuna aliyeniambia kwamba vinafaa kwa siku chache tu, tano hivi, wiki ikizidi sana, na kwamba ukiendelea pua inavizoea, vikiisha nguvu inavimba zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo pua ya kulia, ambayo haikuwa na kosa lolote, nayo ikaanza kuziba. Niliuharibu ule upande mzuri kwa mikono yangu. Kuacha kuliniuma wiki mbili nzima nalala nimekaa.

Nilipiga eksirei ya uso mara mbili, 20,000 kila moja. Zote zikaandikwa "sainasi ya kushoto ina ukungu", yaani kile chumba cha hewa kilicho ndani ya mfupa wa shavu. Ukungu naujua, nauona ziwani kila Juni. Unatoka wapi? Eksirei haikusema.

Mwaka 2023 nikaenda kliniki moja ya binafsi mjini. Sitaitaja, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Walinisikiliza dakika kama sita, wakanipa dawa, wakaniandikia kipimo cha CT cha sainasi. Kipimo chenyewe ni kifupi kuliko kunyoa kichwa: unalala, kitanda kinaingia kwenye duara kubwa, unaambiwa usimeze mate, umemaliza. Nililipa 280,000. Majibu nikapewa kesho yake, karatasi moja ya Kiingereza na picha kubwa nyeusi.

Nilikaa na ile karatasi usiku, simu mkononi, natafsiri neno moja baada ya jingine. Msomaji wangu, usifanye hivyo. Ukuta wa kati wa pua umepinda kwenda kulia na una kijichongo. Kushoto kuna koncha bulosa. Kushoto kuna seli ya Haller. Seli za aga nasi pande zote mbili. Sainasi ya kulia ya paji la uso haikukua. Paa la pua ni Keros aina ya 2. Na mwisho kabisa, kwa mstari mmoja: sainasi ya shavu la kushoto imejaa.

Mambo sita ya kutisha na moja ninalolijua. Nilivyomwelezea mama mkwe ile ya paji la uso, akauliza kwa huzuni kabisa kama nimezaliwa na fuvu nusu.

Kliniki wakanieleza kwamba chanzo ni maumbile: mfupa umepinda, kuna vinundu vya hewa vimebana njia, kwa hiyo wataninyoosha ukuta, watapunguza vinundu na kusafisha sainasi zote. Gharama 2,600,000, nusu kwanza. Nilikubali papo hapo. Nilichoka. Mtu aliyechoka anakubali chochote chenye tarehe.

Nikaenda kwenye kikoba chetu kuomba mkopo. Mweka hazina, mama mmoja anayeuza mboga na asiyecheka na mtu, akafungua daftari la katiba akaniambia mkopo wa matibabu unaozidi milioni moja unahitaji karatasi ya hospitali ya rufaa. Nilimbishia. Nilimwambia anataka nife na usaha kichwani. Akasema ukifa tutakuzika kwa mfuko wa misiba, lakini karatasi lete. Nilikasirika kiasi kwamba nilienda kuulizia hadi ile mikopo ya kausha damu, nikarudi nyumbani niliposikia riba ya wiki. Leo nikimwona yule mama namwamkia mara mbili.

Ndivyo nilivyofika hospitali ya rufaa, nikitafuta muhuri tu.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa binti, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakusoma ripoti. Aliiweka pembeni, akaning'iniza picha kwenye taa, akaziangalia kimya muda mrefu, halafu akaniuliza: "Mama, upande gani unakusumbua?"

"Kushoto."

"Siku zote kushoto? Kulia hakujawahi kutoa uchafu wenye harufu?"

Nikafikiri. Hapana, hakujawahi.

"Na ukuta wako umepindia kulia."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimeibeba ile karatasi wiki tatu.

Akaniuliza ninakaa wapi. Mabatini, kule juu. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna jiwe. Kama wewe ni mtu wa Mwanza unajua jibu. Nyumba zetu tumezijenga katikati ya mawe, wengine jiwe ndilo ukuta wa nyuma. Langu liko jikoni, tunaanikia vyombo juu yake. Akasema: "Jikoni kukijaa maji leo, utalilaumu jiwe?" Nikasema hapana, jiwe nimelikuta, nitatafuta bomba lililopasuka. "Basi hivi vitu sita vilivyoandikwa hapa ni mawe. Umekua navyo. Maji yameanza mwaka 2020. Tutafute bomba."

Sikumwelewa mara moja, ikabidi anichoree. Nami nitajaribu kueleza kama nilivyoshika.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, kati ya macho, kwenye paji la uso na moja nyuma kabisa karibu na katikati ya kichwa. Kila chumba kinatengeneza ute na kila chumba kina mlango wake wa kuutolea puani. Kichekesho ni mlango wa chumba cha shavu: hauko chini kama mtu mwenye akili angejenga, uko juu karibu na jicho. Kwa hiyo ute haumwagiki, unapandishwa. Kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma kwenda juu mlangoni, usiku na mchana, kama kina mama wa Bugarika wanaopandisha ndoo mlimani. Mlango ukivimba au vinyweleo vikichoka, ute unalala, unaoza.

Sasa yale maumbile. Ukuta wa kati wa pua ni wachache sana ambao umenyooka kama rula. Koncha bulosa ni kile kibawa cha katikati ndani ya pua kuwa na hewa ndani yake, kimefura kama puto dogo. Mara nyingi upande kilikofura ukuta nao umekwenda upande wa pili, ndivyo ilivyo kwangu. Seli ya Haller, iliyopewa jina la Albrecht von Haller, mtaalamu wa Uswisi wa karne ya 18, ni kijichumba cha ziada kilichojipenyeza chini ya tundu la jicho, jirani kabisa na mlango wa shavu. Aga nasi ni kijichumba cha mbele ambacho karibu kila mtu anacho. Na sainasi ya paji la uso kutokukua upande mmoja, kuna watu wanakwenda nayo kaburini bila kujua. Daktari alisema wakimpiga CT kijana aliyeanguka na bodaboda, ambaye hajawahi kuugua mafua ya wiki mbili, wanayakuta mambo haya haya. Watafiti wengi waliolinganisha watu wenye sainasi sugu na wasio nayo wamekuta maumbile hayo yamejaa kwenye makundi yote mawili. Kuwa nayo peke yake si ugonjwa.

Nilimuuliza basi kwa nini mtaalamu wa picha aliyaandika yote. Akasema kazi yake ni kuandika kila alichokiona, na sehemu kubwa ya ile orodha imeandikwa kwa ajili ya mtu atakayeshika kisu, haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Mathalani Keros. Ni kina cha kile kibonde kilicho juu ya pua, chini ya ubongo, ambamo mishipa ya kunusa inapita. Mwaka 1962 mtaalamu aitwaye Keros alikigawa katika aina tatu: milimita 1 hadi 3, 4 hadi 7, na 8 hadi 16. Kikiwa kirefu, ukuta mwembamba wa pembeni unakuwa wazi zaidi kwa vifaa vya daktari, na hapo ndipo mkono ukiteleza maji ya ubongo yanavuja. Kwa hiyo "aina ya 2" ilikuwa tahadhari kwa fundi, si ugonjwa wangu. Kuna nyingine iitwayo seli ya Onodi, inayokaa jirani na mshipa wa fahamu wa jicho. Mimi sina. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahia kitu nisichokuwa nacho.

Halafu akarudi kwenye picha, akaweka kalamu chini kabisa, kwenye mizizi ya meno ya juu.

"Hili jino lilizibwa lini?"

Gego la juu kushoto. Nilizibwa 2019 kwenye zahanati moja, lilikuwa linauma sana, wakaziba, likanyamaza. Nililihesabu kama jino lililopona. Kwenye picha kulikuwa na duara jeusi kwenye ncha ya mzizi wake, na sakafu ya sainasi juu yake imenenepa. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sakafu ya ile sainasi, kwa watu wengine mfupa unaoitenganisha ni mwembamba kama ganda la yai. Jino lilikuwa limekufa, ndiyo maana halikuuma. Usaha wake ukapata njia ya kwenda juu.

Aligonga meno yangu moja moja kwa mpini wa kioo kidogo. Yote yanalia sauti moja, lile likalia butu. Kisha nikapelekwa kwa daktari wa meno, eksirei ndogo ya jino lenyewe, ikathibitika.

Nilikaa nje kwenye ngazi nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa ule mwaka mzima wa kuwaambia watu dagaa wao wameoza.

Kama unasoma hili na tatizo lako liko upande mmoja tu, lina harufu mbaya, na una jino la juu la nyuma lililowahi kuzibwa, kuvunjika au kuuma likaacha lenyewe, mwambie daktari wako kabla hajakuuliza. Mwombe aangalie mizizi ya meno kwenye CT hiyohiyo. Ripoti yangu haikuandika jino hata kwa neno moja, na picha ilikuwa nalo. Chukua picha zenyewe, au sidii yake kama wanatoa, usiridhike na karatasi. Yule binti asingeweza kuona chochote kwenye karatasi. Na usipige CT ukiwa na mafua mapya, maana mafua ya kawaida nayo yanajaza sainasi na utapewa majibu ya mafua.

Nilipewa uchaguzi wa kutibu mzizi au kung'oa. Kutibu mzizi kulikuwa na bei ya magunia kadhaa ya dagaa, kung'oa pamoja na eksirei 45,000. Nikang'oa. Ninalijutia kidogo nikila nyama. Kabla ya kung'oa daktari wa meno alinionya kwamba tundu linaweza kuunganika na sainasi, ukinywa chai itoke puani. Kwa wiki mbili: usipenge kamasi, ukipiga chafya acha mdomo wazi, usinywe kwa mrija. Siku ya tatu nikaenda Mwaloni "kuchungulia tu", vumbi la dagaa likaingia, nikasahau, nikapenga. Damu ikajaa leso. Tundu halikufunguka, lakini nilisemwa kama mtoto, na nilistahili.

Ile harufu iliondoka katika wiki ya tatu. Niliamka asubuhi, nikasubiri ije, haikuja. Nikaenda kunusa sabuni.

Natamani niseme hadithi iliishia hapo. Kuna watu jino likitoka sainasi inajisafisha yenyewe. Mimi nilipewa dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, ambayo si yale matone; hii haifungui pua siku hiyo, inataka wiki kadhaa za kila siku, na inapulizwa kwa kuelekeza nje kuelekea sikio, si kwenye ukuta wa kati, la sivyo utatoka damu. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ndivyo unavyopata mwelekeo. Na kuosha pua kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa hadi uvuguvugu, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, unainama kwenye beseni, unahema kwa mdomo. Maji lazima yachemke. Nawajua watu wetu, mtu atachota ziwani aseme yako safi. Ya kunywa tumboni na ya kupitisha karibu na ubongo si mamoja.

Baada ya wiki 12 kamera ya puani ikaonyesha mlango wa kushoto bado umevimba na uchafu unatoka taratibu. Hapo sasa ndipo yale mawe yalipoingia kwenye hesabu. Daktari akasema njia yangu ya kushoto ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, seli ya Haller imeibana huku, koncha bulosa huku. Pua yenye afya inapita hapo bila shida miaka 40. Pua iliyovimba miaka mitatu haipiti. Akapendekeza upasuaji mdogo wa kamera: kufungua mlango wa shavu la kushoto, kuondoa kile kijichumba cha Haller, kukata nusu ya nje ya lile puto. Ukuta wa kati hataugusa, maana kulia nilikuwa napumua vizuri tangu niache matone. Paji la uso hataligusa. Kulia hataingia kabisa.

Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika kuhusu ukuta, kwa sababu kichwani bado nilikuwa na ile sentensi ya "mfupa umepinda". Akajibu, "Mama, nikikunyoosha ukuta nitakuwa nimetibu picha."

Gharama 1,450,000. Nikapeleka karatasi yenye muhuri kwa mweka hazina, akaisoma hadi mwisho, akanipa milioni moja bila neno. Iliyobaki ilitoka kwenye mtaji.

Upasuaji wenyewe, mapema 2024, siwezi kuusimulia kwa kuwa nililazwa usingizi. Usoni hakuna mshono, wanapita puani. Kinachokumbukwa ni kuamka: pua imejazwa pamba, unahema kwa mdomo, midomo imekauka, na unahisi hofu ya ajabu ya kukosa hewa ingawa hewa ipo. Nenda na ndugu atakayekushika mkono, na awe na maji ya kukulowanisha midomo. Pamba ilitolewa kesho yake. Haiumi sana, ila inaendelea kutoka tu, kama kamba ya nanga, unajiuliza imefungwa wapi.

Wiki mbili zilizofuata: kulala kichwa juu kwa mito miwili, hakuna kuinama, hakuna kubeba. Nilikuwa nimejipa siku nne. Panga wiki mbili kamili, na kama kazi yako ina vumbi, tatu. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba kuna kurudi kusafishwa magamba, mara tatu kwangu, 30,000 kila safari. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana wengi wanaacha kurudi kwa kukosa hiyo na mlango unajifunga tena kwa kovu. Na ukiona jicho linavimba, unaona vitu viwili viwili, maji meupe yasiyo na rangi yanatiririka tundu moja ukiinama, au kichwa kinauma na shingo imekaza, usisubiri kliniki, nenda usiku huohuo. Hayo yanawahusu hata wenye sainasi ambao hawajapasuliwa, isipokuwa lile la maji meupe.

Sasa navaa barakoa nikiwa stoo. Wapagazi walinicheka wiki moja wakaacha. Naosha pua kila jioni. Mafua yananipata kama watu wengine, yanakwisha siku ya saba kama ya watu wengine.

Masika ya mwaka huo wa 2024, giza la mwezi limeisha na mitumbwi imeingia kwa wingi, dalali wangu yuleyule akaniita. Magunia 20, bei nzuri mno kwa msimu wa mvua. Akafungua la kwanza. Juu weupe, wakavu. Nikashusha barakoa, nikanusa: safi. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikachota wa chini, nikanusa.

"Hawa wamenyeshewa," nikasema. "Chini wameshavunda."

Akaguna. "Mayu, tumeshaanza tena?"

Nikampa kiganja changu. Akanusa, akageuza uso, akamwita mpagazi: "Haya yote yapeleke kwa mtu wa chakula cha kuku."